Si Kila Asiyerudi ni Mtoro

Katika kijiji chetu, nyuma ya Tanga, yuko bibi mmoja mzee aliyekwisha kupata miaka 84. Siku moja, watoto walipokwisha kutawanyika, alitujia shuleni akiegemea fimbo yake, akaketi katika benchi la mbele, akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu, wewe wasoma vitabu. Yule babu yetu mdogo aliyepanda merikebu ya Wadachi, alifia wapi?" Siku ile hatukuwa na jibu.

Huyo anayemwita babu mdogo alikuwa ndugu wa babu yake, tumbo moja. Alitoka nyumbani akiwa kijana, akaenda Tanga kutafuta kazi, akaandikwa katika merikebu, asionekane tena. Mama yake alimngoja hata akafa. Baadaye ukoo ukamhukumu. Mtoto akitumwa kisimani akakawia, huitwa kwa jina la babu yule. Wala jina lenyewe halikupewa mtoto yeyote aliyezaliwa, kwa hofu ya kuwa atakuwa na mguu wa kutoroka. Wazee hufunga maneno kwa methali, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mtu na azunguke chombo kizima, nyuma na mbele, mwisho wake hurudi katikati alikotoka. Basi asiyerudi, wasema, ni mtoro. Nasi tulipokuwa watoto tuliyasikia hayo, tukacheka pamoja na wenzetu.

Lakini bibi aliongeza neno moja alipokuwa akiinuka. Alisema, "Nataka nijue kabla sijafa, kama tulimlaani kwa haki." Neno hili lilituchoma. Ndipo tulipoanza kusoma habari za watu wa pwani yetu waliokwenda Ulaya katika miaka ile, na leo twapenda kuwapa wasomaji yale tuliyoyapata. Twajua kwamba ukoo wa bibi huyu si peke yake wenye mtu aliyepotea ng'ambo.

Kwanza yatupasa kujua jinsi watu walivyokwenda. Mwaka 1890 Wajerumani walianzisha shirika la merikebu lililoitwa Deutsche Ost-Afrika Linie. Merikebu zake zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Hamburg na pwani yetu, zikitia nanga Tanga na Dar es Salaam. Merikebu za moshi zilitaka watu wa kutia makaa, wa kupika, na wa kuwahudumia abiria, na vijana wengine wa pwani na bara waliandikwa humo. Wengine walichukuliwa na mabwana zao kuwa watumishi. Tena wako wachache walioitwa kwa ajili ya elimu yao, maana mwaka 1887 ilifunguliwa katika mji wa Berlin shule kubwa ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa watu waliotaka kuja kutawala au kufanya biashara huku. Shule ile ilihitaji wenyeji wa lugha, wasahihishe masikio na ndimi za wanafunzi.

Mmoja wa hao walioitwa kwa elimu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alikuwa Mwislamu mwenye elimu ya dini yake, na mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili pamoja na Carl Velten. Mwaka 1901 kilipigwa chapa kitabu kiitwacho "Safari za Wasuaheli", na humo mna habari za safari alizozieleza Mtoro mwenyewe. Mwaka 1903 kikafuata kitabu kikubwa zaidi, "Desturi za Wasuaheli". Jina la Velten ndilo lililowekwa mbele, kwa kuwa ndiye aliyekusanya na kutoa, lakini sehemu iliyo kubwa ni kazi ya Mtoro. Ameeleza uzazi na malezi, ngoma na arusi, ugonjwa na mazishi, kwa Kiswahili ambacho mtu wa pwani akisoma leo husikia sauti ya babu zake. Mwaka 1981 kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza kwa kazi ya J. W. T. Allen.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda. Sheria ya Ujerumani haikuikataza ndoa ile, nayo iliandikwa katika kitabu cha serikali kama ndoa ya watu wengine. Mwaka uliofuata, yaani 1905, kazi yake Berlin ilikwisha, akapanda merikebu pamoja na mkewe, ili waje kukaa kwao. Wakavuka bahari zote, wakafika pwani ya Afrika Mashariki. Lakini serikali ya Kijerumani, chini ya gavana von Götzen, haikuwaruhusu mume na mke kushuka. Wakubwa hawakutaka watu wa nchi wamwone mwanamke wa Kizungu akiwa mke wa mtu mweusi. Basi Mtoro alikuwa katika maji ya nchi yake mwenyewe, asiweze kuukanyaga mchanga wake. Wakarudishwa Ujerumani.

Tangu mwaka 1909 hata 1913 alifundisha Kiswahili katika chuo cha mambo ya makoloni kule Hamburg, kisha akaiacha kazi ile. Akarudi Berlin, akawa akitoa hotuba juu ya nchi za Afrika Mashariki. Akafa huko mwaka 1927.

Ndugu wasomaji, fikirini jambo hili. Mtu wa Bagamoyo asiyejua habari za bandarini mwaka 1905 angaliweza kusema, "Jina lake Mtoro, na kweli ametoroka, ameonja mkate wa Ulaya, akasahau nyumba ya mama yake." Kumbe alirudi! Alirudi hata mlangoni, mlango ukafungwa na mwingine. Methali yetu yasema kwamba marejeo ni ngamani, nayo ni kweli; lakini mwenye kuitunga hakuwaza kwamba siku moja atakuwako mtu wa kuziba njia ya ngamani. Tulipomsimulia bibi habari hii alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na wetu je, nani alimwona bandarini?" Hatukuwa na neno la kumjibu.

Mtu wa pili alikwenda baadaye kidogo, nasi twamtaja kwa sababu habari zake zaonyesha jinsi jina liwezavyo kumficha mtu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na katika vita vya 1914 hata 1918 yeye naye, angali mtoto, alitumika pamoja na jeshi lao. Mwaka 1929 alifika Ujerumani akiwa mtumishi wa merikebu, akakaa Berlin. Huko hakujulikana kwa jina la Mahjub. Alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Mtu wa kwao ambaye angalimtafuta Mahjub mwana wa Adam, angaliweza kuupita mlango wake kila siku asijue.

Husen aliidai serikali ya Kijerumani mishahara ya vita, yaani yake na ya baba yake, ambayo haikulipwa. Dai lake halikukubaliwa. Akafanya kazi ya kuhudumia wageni katika nyumba kubwa ya starehe iliyoitwa Haus Vaterland, akasaidia kufundisha Kiswahili, akaonekana katika picha za sinema, hata ile ya mwaka 1941 iliyomsifu Carl Peters. Mwaka 1933 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uo huo Hitler akashika serikali. Mwaka 1941 Husen alikamatwa, akashtakiwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akatiwa bila hukumu ya mahakama katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin. Akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la ukumbusho lilitiwa katika njia ya Berlin, mbele ya nyumba aliyokaa, na mwaka uo huo Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu juu ya maisha yake. Habari za Mtoro nazo ziliandikwa na Ludger Wimmelbücker katika kitabu kilichotoka mwaka 2009.

Watu hawa wawili walikwisha kufa zamani, wala hawakuwa wakubwa wa dunia. Habari zao zimepatikana kwa sababu mtu aliyevuka bahari huacha nyayo katika karatasi. Pale alipolipwa mshahara, pana daftari. Pale alipooa, pana kitabu. Pale alipopanga chumba, aliandikwa. Pale alipoonewa akalalamika, barua yake iliwekwa pamoja na jibu la kumkatalia. Husen hakuipata mishahara aliyoidai, lakini karatasi za dai lake ni mojawapo ya mashahidi waliotunza habari zake. Aliyemnyima fedha hakujua kwamba anamtunzia jina.

Basi nyayo hizo zatafutwa wapi? Tangu mwaka 1876, katika Ujerumani nzima, serikali huandika kuzaliwa, ndoa na vifo katika vitabu vyake, awe mtu wa dini yoyote. Kwa sheria ya sasa, kitabu cha kuzaliwa huwa wazi baada ya miaka 110, cha ndoa baada ya miaka 80, na cha vifo baada ya miaka 30; ndipo hupelekwa katika nyumba ya hati za zamani, na mtu aweza kuomba kusomewa. Tena mji wa Berlin ulikuwa ukipiga chapa kila mwaka kitabu kikubwa cha majina ya wenye nyumba na wapangaji, pamoja na kazi zao na njia walizokaa, hata mwaka 1943. Vitabu hivyo leo vyasomeka kwa intaneti bila malipo. Mji wa Hamburg umetunza orodha za abiria waliotoka bandari ile kwenda ng'ambo tangu 1850 hata 1934, nazo zamfaa mtu ambaye jamaa yake alifika Hamburg kisha akaendelea mbele, labda Amerika. Uingereza nako zimetunzwa orodha za abiria walioingia kwa merikebu tangu 1878 hata 1960. Lakini mtu aliyekuwa akitia makaa hakuwa abiria, asitafutwe katika orodha ya abiria. Atafutwe katika karatasi za mabaharia.

Wala si lazima kuanza Ulaya. Serikali ya Kijerumani iliacha majalada mengi katika nchi yetu, nayo yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Majalada ya wizara ya makoloni yamo Berlin, katika nyumba ya hati ya serikali yao. Na ikiwa mtu wenu alikamatwa katika siku za Hitler, iko nyumba ya hati katika mji wa Bad Arolsen, Ujerumani, inayotunza majina ya watu walioteswa wakati ule, nayo huwajibu jamaa zao bila kudai malipo.

Atakayetafuta na aangalie sana jinsi majina yalivyoandikwa. Karani wa Kijerumani aliandika kama alivyosikia, kwa desturi ya lugha yake. Dar es Salaam aliandika kwa neno moja, Daressalam. Uzaramo aliuandika Usaramo, maana herufi ya s, ikisimama mbele ya vokali katika lugha yao, hutamkwa kama z yetu. Kwa hiyo anayetafuta Mzaramo na atafute Msaramo pia, na anayetafuta jina la Zaidi na atafute Saidi. Tena karani alitaka jina la ukoo hata kwa mtu asiye nalo, akachukua jina la baba, au la babu, akalifanya jina la mwisho. Mtu mmoja aweza kuwa na majina matatu katika ofisi tatu, naye ni yeye yule.

Tena liko jambo lililo zito kuliko haya. Karatasi hizo ziliandikwa na watu waliokuwa na mamlaka juu ya babu zetu, na mara nyingi waliwadharau. Ukisoma kwamba mtu fulani ni "mkaidi" au "hafai kazi", usiamini mara moja. Uliza, nani aliyeandika, na alikuwa akitaka nini? Huenda ukaidi wake ulikuwa kuudai mshahara wake. Historia haitafutwi kwa kusoma tu, hutafutwa kwa kupima neno kama mwenye duka apimavyo sukari, akiangalia mkono wa mwenye kushika mizani.

Baada ya kujifunza hayo, tulichukua daftari jipya, tukaenda nyumbani kwa bibi siku ya Jumamosi. Twakiri kwamba tulifikiri atakuwa na machache ya kusema. Tulimwuliza, "Bibi, aliondoka mwaka gani?" Akacheka, akasema, "Miaka ni yenu wenye shule." Tukauliza kwa njia nyingine, "Reli ilikuwa imefika wapi?" Hapo akajibu bila kusita, kwamba babu yake alikuwa akisema, nduguye aliondoka wakati gari la moshi lilipokuwa likiishia Mombo. Nasi twajua kwamba reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikafika Moshi mwaka 1911. Tukauliza tena kama aliiona ile nyota yenye mkia iliyowatisha watu. Akasema, "La, alikuwa amekwisha kwenda. Mama yake alisema, nyota hii imekuja kumtafuta mwanangu." Nyota ile iliyokumbukwa na wengi ilionekana mwaka 1910. Basi kwa maneno mawili ya mzee asiyejua kusoma, miaka mingi ikawa mitano. Karani wa ng'ambo akiulizwa juu ya miaka mitano aweza kutafuta. Akiulizwa juu ya "zamani za Wadachi" hawezi.

Tuliandika pia jina lake la kuzaliwa, na jina la utani aliloitwa na wenzake. Majina ya baba, mama na babu. Kijiji, na jina la zamani la kijiji. Alama ya kovu lililokuwa katika mkono wake wa kushoto. Na jina la rafiki aliyeondoka naye, maana mara nyingine rafiki huonekana katika orodha kabla ya ndugu. Kisha tukampelekea bibi jirani mzee wa ukoo mwingine, nao wakasahihishana. Bibi alipochoka tulifunga daftari, tukarudi wiki ya pili. Kurasa saba zikajaa. Barua mbili zimekwisha kuandikwa, moja kwenda Dar es Salaam, moja kwenda Berlin.

Jibu la kumjulisha bibi mahali pa kaburi halijafika, wala hatukumwahidi kwamba litafika. Karatasi nyingine ziliungua katika vita, nyingine ziliharibika, na wako watu waliozikwa baharini. Lakini lile neno lake la kwanza limepata jibu. Aliuliza kama ukoo ulimlaani kwa haki. Twajua sasa kwamba kulaani bila kujua si haki, maana alikuwako mwana wa Bagamoyo aliyerudi hata bandarini akafukuzwa, na mwana wa Dar es Salaam aliyefia kambini, na wote wawili wangaliweza kuitwa watoro na watu wa kwao. Yakobo naye alimlilia Yusufu miaka mingi kana kwamba amekufa, naye yu hai Misri. Wala Yusufu hakuwa amemtupa baba yake.

Mwezi uliopita alizaliwa mtoto wa kiume katika nyumba ya mjukuu wa bibi. Wazee walipokaa kutafuta jina, mmoja alitaja majina ya desturi. Bibi akapiga fimbo yake chini, akataja jina lile lisilotajwa ila kwa kucheka. Pakawa kimya. Mzee mmoja akasema, "Je, akiwa na mguu wa kutoroka?" Bibi akamjibu, "Na aende. Sisi tutaandika alikokwenda." Jina likapewa mtoto.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunawaomba neno moja. Kama katika ukoo wenu yuko mtu aliyepanda merikebu asirudi, msimwache katika dhihaka. Nunueni daftari, mwende kwa mzee wenu wiki hii, mwulize habari za reli, na za njaa, na za nyota, mwandike kila neno pamoja na jina la aliyelisema. Karatasi za Berlin zina nyumba ya mawe na watu wa kuzilinda. Maneno ya mzee hayana nyumba ila kifua chake, na nyumba ile haikai siku nyingi.